Ufunguo wa Waifai ni Amana ya Mwenye Nyumba

Fundi aliyekuja kunitilia intaneti nyumbani alikuwa kijana mwenye adabu na mkono mwepesi, ambaye kwa muda usiotimia saa moja alipitisha waya wa fiba kutoka nguzo ya njiani mpaka sebuleni, akatundika ruta nyeupe ukutani, taa zake zikawaka moja baada ya moja, kisha, hali chai niliyomtengea haijapoa, akaniomba nambari yangu ya simu. Nilimtajia nikidhani kwamba anaiandika katika daftari la kampuni yake; kumbe alikuwa akiiingiza katika ruta iwe ndiyo paswedi ya waifai yangu. "Hii hutaisahau, mzee," akaniambia kwa furaha ya mtu aliyetenda hisani, nami nikamshukuru, nikamsindikiza hadi nje, nikarudi kuufunga mlango wangu kwa kitasa na komeo kama nifanyavyo kila magharibi, bila ya kutambua kwamba mlango mwingine, mpana kuliko ule wa mbao, nimeuacha na ufunguo wake umeandikwa katika kila fomu, kila stakabadhi na kila daftari la wageni nililopata kutia sahihi maishani mwangu.

Sikisimulii kisa hiki ili kumtia kijana yule lawamani, maana alitenda kama alivyofundishwa, na nyumba za mtaa wetu, kwa kadiri nilivyouliza, zimefungwa kwa mtindo huo huo: huyu kwa nambari yake ya simu, yule kwa jina la mtoto wake wa kwanza na mwaka aliozaliwa, na wa tatu kwa herufi zilizochapwa kiwandani kwenye kibandiko cha ruta, ambazo kila akaribishwaye sebuleni aweza kuzisoma akiwa ameketi. Nakisimulia kwa kuwa kimenifikisha kwenye rai ambayo nataka kuitetea mbele ya wasomaji, nayo ni kwamba ufunguo wa mtandao wa nyumbani ni amana ya mwenye nyumba, kwamba yampasa autunge mwenyewe, na kwamba fundi anayeondoka kabla ya jambo hilo kutendeka hajaimaliza kazi yake hata taa zote za ruta zikiwa zawaka.

Watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa thamani ya sitara. Wazee waliojenga miji yetu ya mawe, Mombasa na Lamu na Unguja, waliipanga nyumba kwa daraja: baraza kwa mpita njia, daka kwa anayebisha hodi, ukumbi kwa aliyekaribishwa, na ndani kwa watu wa nyumbani peke yao, na kuta zenyewe walizisimamisha kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nene hata maongezi ya upande huu yasisikike upande wa pili. Mawimbi ya redio hayaijui daraja hiyo. Ukuta wa matumbawe huyapunguza nguvu, ni kweli, lakini dirisha huyapitisha na roshani huyapitisha, na katika maghorofa mapya yenye kuta nyembamba, ambamo aila kadhaa hupanda ngazi moja, mawimbi ya kila mmoja huingia katika chumba cha kulala cha mwenziwe bila ya hodi. Kila picha na kila barua ambayo simu yako yaipeleka kwa ruta haiendi kwa ruta peke yake, bali hurushwa pande zote kwa wakati mmoja, na yeyote aliye karibu mwenye kompyuta ya kawaida aweza kuidaka. Hapana namna ya kuyazuia mawimbi yasitoke nje ya nyumba. Lililopo ni kuyafumba, ili ayadakaye asipate ndani yake ila vurugu isiyo na maana.

Kufumba maneno ni ada yetu ya zamani. Utotoni tulisema kinyume, nyumba tukaigeuza kuwa mbanyu, na siri zetu zilidumu mpaka siku shangazi mmoja alipotambua jinsi tunavyozipindua silabi. Tangu siku hiyo hatukuwa na siri tena, kwa maana kinyume kina hila moja tu, na aijuaye hila ameyajua yote. Hapo ndipo ilipo tofauti baina ya hila na ufunguo, tofauti ambayo Auguste Kerckhoffs, mwalimu wa lugha mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha Ufaransa, aliieleza mwaka 1883 alipoandika juu ya maandishi ya siri ya majeshi: alishurutisha kwamba mtambo wa kufumbia usiwe na haja ya kufichwa, bali uweze kuangukia mikononi mwa adui pasi na madhara, maadamu ufunguo umebaki kwa mwenyewe. (Wazungu hulitaja fumbo la namna hiyo kwa jina walilolichota katika neno la Kiarabu sifr, lile lile lililotupa sisi sifuri, na hupendezwa kila nikumbukapo kwamba neno la kuhesabia kitu kisichokuwapo ndilo lililokuja kuwa jina la kitu kisichoonekana.) Waundaji wa waifai wameifuata kanuni ya Kerckhoffs. Maelezo ya namna ruta inavyofumba yamechapwa, husomwa vyuoni, na mwizi ayajua kama mhandisi ayajuavyo. Yote ni wazi isipokuwa neno moja, nalo ni lile ulilolichagua wewe, au uliloachia mtu mwingine akuchagulie.

Ama historia ya mafumbo hayo ya hewani haikuanza vizuri, na yafaa niisimulie kwa urefu kidogo kwa sababu mabaki yake yangali katika nyumba na maduka ya watu. Kanuni za kwanza za mtandao usio na waya, zilizotolewa mwaka 1997 na jumuiya ya wahandisi iitwayo IEEE, zilikuja na kufuli iliyopewa jina la WEP, jina ambalo ndani yake mna ahadi, kwamba faragha ya hewani italingana na faragha ya waya. Ahadi haikutimia. Ufunguo wake wa asili ulikuwa wa biti 40 tu, ambao mwenye nyumba aliuandika kwa tarakimu na herufi kumi, nao ulifanywa mfupi kwa kuwa serikali ya Marekani ilizuia wakati ule mafumbo yenye nguvu yasiuzwe ng'ambo. Baadaye ukarefushwa hadi biti 104, tarakimu na herufi 26, na watu wakazinakili kwa taabu kutoka kwenye karatasi, wakikosea na kuanza tena, kwa imani kwamba taabu ile ndiyo ngome yenyewe.

Walakini kasoro haikuwa katika urefu. Kila kipande cha habari kilichorushwa kilifungwa kwa ufunguo ule uliochanganywa na nambari ndogo ya kubadilika, yenye biti 24, na biti 24 hazizai zaidi ya nambari 16,777,216, ambazo katika mtandao wenye shughuli nyingi huweza kuisha kwa muda wa saa chache na kuanza kurudiwa. Na kila irudiwapo nambari, msikilizaji hupata mafumbo mawili yaliyofungwa kwa kitu kimoja, akayalinganisha mpaka yakaachia. Mwaka 2001 Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir walionyesha jambo zito zaidi, kwamba baadhi ya nambari hizo ndogo huuvujisha ufunguo wenyewe, kipande kwa kipande, kwa mtu yeyote mwenye subira ya kukusanya. Na kufika mwaka 2007 watafiti wa chuo kikuu cha Darmstadt, Ujerumani, waliweza kuufichua ufunguo wa biti 104 kwa muda usiotimia dakika moja. Katika mwaka huo huo kampuni ya TJX ya Marekani, yenye maduka mengi ya nguo, ilikiri kwamba wezi wamechukua habari za kadi za malipo zaidi ya milioni 45, na maofisa wa Kanada wanaosimamia faragha, walipoichunguza, waliona kwamba kampuni ilikuwa ingali inaitegemea WEP wakati ambapo udhaifu wake umekwisha kutangazwa zamani. Nalisisitiza hilo kwa sababu ndilo linalotuhusu sisi: wale hawakuibiwa kwa kukosa kufuli, bali kwa kuitumainia kufuli ambayo kila mwenye haja alijua jinsi ya kuifungua. Ukinunua ruta kuukuu, au ukirithi ile iliyoachwa na mpangaji aliyekutangulia, ifungue kwanza utazame ni kufuli gani iliyomo. Ukikuta WEP, na ruta hiyo haina nyingine bora, usiitumie hata kwa siku moja.

Mahali pa WEP palishikwa na WPA mwaka 2003, iliyokuwa kiraka cha haraka, na kisha WPA2 mwaka 2004, iliyojengwa juu ya fumbo liitwalo AES, kazi ya Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, ambayo serikali ya Marekani iliichagua kwa mashindano yaliyo wazi kwa mataifa yote na kuitangaza mwaka 2001. Hii WPA2 ndiyo aghalabu utakayoikuta katika ruta za nyumba zetu, na inafaa kuelewa jinsi inavyolitumia neno lako. Neno hilo, ambalo sharti liwe na herufi zisizopungua 8 wala kuzidi 63, huchanganywa na jina la mtandao wako, kisha mchanganyiko huo husagwa, na unga wake husagwa tena, mara 4,096, ndipo upatikane ufunguo wa biti 256. Kusaga huko kumewekwa makusudi ili kumchosha mwizi, maana kila neno atakalolikisia hana budi kulisaga mara hizo hizo. Na kwa kuwa jina la mtandao limo katika unga, jina nalo lina kazi yake: ukiliacha lile la kiwandani, lililo sawa na la maelfu ya ruta nyingine, mtu aweza kuyasaga makisio yake mapema, mara moja, kwa ajili ya nyumba nyingi. Kwa hiyo libadilishe, lakini usitie jina la aila yako wala nambari ya mlango wako, kwa sababu jina hilo husomwa na kila apitaye njiani.

Sasa turudi kwenye nambari yangu ya simu. Mwizi wa waifai hasimami barazani akijaribu neno moja moja. Yeye hungoja mpaka simu ya mmoja wa watu wa nyumbani ijiunge na ruta, kwa kuwa wakati huo vyombo hivyo viwili husalimiana kwa namna ya kuthibitishiana kwamba kila kimoja chaujua ufunguo. Huzidaka salamu hizo, huondoka nazo, na huko kwake, katika utulivu na bila ya wewe kusikia chochote, hukisia neno baada ya neno mpaka alipate lile linalozaa salamu kama zile. Nambari ya simu ya mkono ya Kenya ina tarakimu kumi, na mbili za mwanzo hazina siri, ni 07 au 01. Zimebaki nane, nazo hutoa nambari milioni mia moja kwa kila mwanzo. Kadi moja ya michoro, ya aina ambayo vijana huinunua kwa ajili ya michezo ya kompyuta, hukisia maneno laki kadhaa kwa sekunde pamoja na kusaga kote huko. Tukadirie laki nne: basi nambari zote zianzazo na 07, za watu wote, walio hai na waliokwisha kufa, humalizika kwa dakika nne na sekunde kumi. Elimu ya Daemen na Rijmen, busara ya Kerckhoffs na miaka ya wahandisi kutoa kanuni na kuzirekebisha, vyote hivyo havikunifaa kwa zaidi ya dakika nne, kwa sababu sehemu ile moja iliyoachiwa mimi niliitoa kama mtu anayetaja nambari yake dukani.

Dawa yake ni urefu, tena urefu uliopatikana kwa bahati nasibu wala si kwa mapenzi ya moyo. Nimewaona watu wenye akili, wakiambiwa kwamba neno liwe gumu, wakachukua jina la mji wao, wakaigeuza herufi moja kuwa alama na nyingine kuwa sifuri, wakatia mwaka mwishoni. Mageuzi hayo mwizi ameyaandika katika orodha zake tangu zamani. Wengine huchukua methali. Nampenda mno mtu anayeipenda methali, lakini nalazimika kumwambia kwamba methali ni mali ya umma, na kilicho katika kila kinywa hakiwezi kuwa siri ya mtu mmoja; kadhalika aya ya kitabu kitakatifu, ubeti wa wimbo na jina la timu. Mimi nilifanya hivi: nilichukua kamusi, nikafumba macho, nikaifungua popote, nikaweka kidole, nikaliandika neno lililoangukiwa, na nikarudia mpaka maneno yakatimia matano. Yakawa ya namna ya kunde, tarishi, mkoba, uwele, tumbuu, ijapokuwa si hayo, wala wewe usiyatumie hayo kwa kuwa yameshachapwa gazetini. Hata kama mwizi angejua kwamba maneno yangu ni matano, na kwamba yametoka katika orodha ya maneno 2,000 tu, ilhali kamusi ina mengi zaidi ya hayo, na hata kama angekisia milioni nzima kila sekunde, kuyamaliza makisio yote kungemchukua zaidi ya miaka elfu moja. Lugha yetu, kwa jambo hili, ina fadhila ambayo sijaona ikitajwa: maneno yake huandikwa kama yatamkwavyo, hivi kwamba bibi aweza kumsomea mjukuu wake yaliyo katika karatasi kutoka chumba cha pili, na mjukuu akayaandika asikosee herufi.

Najua kuna wasomaji watakaosema kwamba nimekuza jambo dogo, kwa hoja kwamba benki na programu za barua na mazungumzo zina mafumbo yao wenyewe, ya ndani, yasiyoitegemea ruta. Hoja hiyo ni ya kweli, na siku hizi ni ya kweli kuliko ilivyokuwa miaka ishirini iliyopita. Lakini haifiki mbali kama wanavyodhani. Aliyekwisha kuingia katika mtandao wako aghalabu huweza kujua ni anwani zipi zinazotembelewa na watu wa nyumbani na kwa saa zipi, hata kama hasomi yaliyomo. Huona kamera uliyoiweka kumtazama mtoto, runinga, mashine ya kuchapia, vyombo ambavyo vingi vyao huiamini kila sauti itokayo ndani ya nyumba kana kwamba ni ya mwenyewe. Na zaidi ya hayo, lolote atendalo huko nje, akitapeli au akitukana au akisambaza picha za haramu, hutoka kupitia laini iliyoandikwa kwa jina lako. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 juu ya matumizi mabaya ya kompyuta humtia hatiani aingiaye katika mtambo wa mwingine bila ya idhini. Lakini kabla ya kufika kwake mkono wa sheria utapita kwanza mlangoni pako, na siku zile za kujieleza hapana awezaye kukurudishia.

Hoja ya pili yanigusa zaidi, nayo ni ya ujirani. Je, mtu aliyekulia mahali ambapo jirani huomba chumvi, moto na maji bila ya haya, atamnyima jirani intaneti? Na hasa katika mji huu wa Mombasa, ambako nyaya kuu za chini ya bahari, TEAMS ikitokea Fujairah na SEACOM baada yake, zilipanda nchi kavu mwaka 2009 na kuileta neema hii hadi mlangoni petu? Sisemi anyimwe. Nasema kwamba ukarimu ni tendo, na tendo lina mtendaji. Anayekunywa maji ya kisima changu bila ya mimi kujua hakukirimiwa, amejichotea tu. Tena iko kasoro ambayo wengi hawaifahamu: katika WPA2 ufunguo wa nyumba ni mmoja kwa wote, na yeyote aujuaye, akizidaka zile salamu za kujiunga, aweza kuyafumbua mawimbi ya wenziwe waliomo, kwa hiyo kumpa mtu paswedi ya nyumbani ni kumkaribisha ndani kabisa, si ukumbini. Waundaji wa ruta walilifikiria jambo hili, na ruta nyingi za leo zina mtandao wa pili, wa wageni, wenye jina lake na neno lake, umpao mgeni njia ya kwenda nje bila ya kuviona vyombo vya nyumbani. Ukumbi ule wa wazee wetu umerudi, umevaa vazi jingine, na ni hasara kuona sebule nyingi zinazo na wenyewe hawajui.

Mengine nitayapitia kwa upesi. Ruta ina neno la pili, la kuingilia katika mipangilio yake, ambalo aghalabu hutoka kiwandani likiwa linajulikana dunia nzima; libadilishe siku ile ile. Kile kitufe cha WPS, kilichotiwa kwa nia njema ya kuwaepusha watu na kuandika maneno marefu, huambatana na nambari ya tarakimu nane ambayo Stefan Viehböck alionyesha mwezi wa Disemba 2011 kwamba ruta huithibitisha nusu kwa nusu, na tarakimu ya mwisho hutokana na zile saba, hata makisio yanayohitajika yakashuka kutoka milioni mia hadi 11,000; kizime. Kulificha jina la mtandao hakumfichi mtu, kwa kuwa simu zako mwenyewe hulitaja zikilitafuta. Na programu ya ruta ihuishwe kila inapotolewa mpya: mwezi wa Oktoba 2017 Mathy Vanhoef wa chuo kikuu cha Leuven alibainisha kasoro katika salamu zenyewe za WPA2, ambayo neno refu halikuweza kuitibu, wala kulibadilisha neno hakukufaa kitu; lililofaa ni kuvihuisha vyombo. Mwaka 2018 ilitolewa WPA3, ambayo fadhila yake kubwa ni kwamba salamu zake hazichukuliki kwenda kukisiwa kando: kila neno ambalo mwizi ataka kulijaribu, sharti aje alijaribu kwa ruta yenyewe, mbele ya mlango. Anayenunua ruta leo na aulize kama inayo.

Lakini siridhiki kuwaachia wenye nyumba mzigo huu peke yao, maana wengi wao wamelipia huduma, si masomo. Makampuni ya intaneti ndiyo yanayomtuma fundi, ndiyo yanayompa dakika chache za kumaliza kazi na kukimbilia nyumba nyingine, na ndiyo yanayopokea ada kila mwezi. Yangeweza kumwagiza kwa sentensi moja kwamba asimtungie mteja neno, bali ampe simu au kompyuta mkononi na kumwelekeza atunge mwenyewe, kisha ageuze uso anapoliandika, kama afanyavyo mtu mwungwana mwenziwe anapotia nambari ya siri kwenye mashine ya benki. Na sababu ya kugeuza uso ni nzito, kwa kuwa fundi mmoja huingia nyumba nyingi, na kichwa au daftari lenye maneno ya nyumba zote za mtaa ni hatari hata likiwa la mtu mwaminifu, maana daftari huweza kupotea na simu huweza kuibwa. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imeshurutisha kwamba ulinzi uwemo tangu jambo linapobuniwa na uwe ndiyo hali yake ya mwanzo, mteja asihitaji kuuomba. Sharti hilo limewekwa kwa ajili ya habari ambazo makampuni huziweka juu ya watu, lakini maana yake, kwa maoni yangu, yaenea mpaka sebuleni. Na Mamlaka ya Mawasiliano ingetenda jambo jema kama ingewataka wenye leseni waandike katika fomu ile ile anayotia mteja sahihi: neno la siri limetungwa na nani, kufuli ni ya aina gani, mtandao wa wageni umefunguliwa au la.

Mimi nililitengeneza langu usiku mmoja baada ya isha, mwezi wa nane tangu fundi aje. Niliingia katika mipangilio ya ruta, na kabla sijabadilisha kitu nikaifungua orodha ya vyombo vilivyojiunga, nikavihesabu kwa kalamu: vilikuwa kumi na kimoja. Vyombo vya nyumba yangu, pamoja na runinga na simu ya binti yangu aliyekuwa amekuja kututembelea, ni saba. Sikuona hasira, niliona haya, kwa kuwa miezi minane yote nilikuwa nikifunga komeo. Niliandika maneno yangu matano, na vyote kumi na kimoja vikatoka mara moja. Kisha tukakaa mimi, mke wangu na binti yetu, tukayaingiza maneno katika kimoja baada ya kimoja, mpaka saba vikarudi. Ule mtandao wa wageni nao nikaufungua, nikautilia maneno mengine matano kutoka katika kamusi ile ile.

Siku ya pili, baada ya alasiri, nilisikia hodi. Alikuwa mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, wa darasa la nane, ameshika simu yenye kioo kilichopasuka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Akaniuliza, macho yake yakiwa chini, kama waifai yetu ina shida, kwa sababu tangu jana haishiki, naye ana kazi ya shule. Nilimwuliza ni nani aliyempa neno la kwanza. Akasema hakupewa na mtu, nambari yangu imeandikwa kwenye ukuta wa duka la babake, katika orodha ya wanachama wa kamati ya msikiti. Nikamkalisha barazani, nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi maneno matano ya mtandao wa wageni. Aliyasoma moja baada ya moja kwa sauti ya chini, akakwama kwenye neno la tatu, akaniuliza maana yake, nami nikamwonyesha mahali kamusi ilipo.